Robo Saa ya Uchumba

Nilikuwa mchumba wa mtu kwa robo saa. Saa ya ukutani kwetu ndiyo shahidi wangu. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni Masinde alikuwa ananiposa, na saa kumi na moja na dakika thelathini na tano alikuwa hajawahi hata kuliwaza jambo hilo. Katikati ya hizo dakika mimi nilishajifukiza udi, na baba yangu mzazi alishaujua moyo wangu wote. Sasa niambie, hasira ya namna hiyo mtu anaiweka wapi?

Ngoja nianze panapostahili, usije ukanihukumu bure.

Sisi ni watu wa Wandegeya, hapa Kampala, nyuma ya soko. Babu wa babu yangu alikuja huku na biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na mpaka leo nyumbani kwetu tunasema Kiswahili ingawa majirani wote ni Waganda. Baba yangu, Mzee Mubarak, anauza turubai, mikeka na kamba, na jioni anasomesha watoto wa mtaa Kurani. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, akanilea dada yake Baba, Shangazi Umulkheir, mwanamke mwenye moyo mzuri na simu isiyopoa.

Masinde aliletwa na turubai. Ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, anashona mahema katika karakana yake Bwaise na kuyakodisha kwa watu wa safari. Kila Jumatatu alikuja dukani kuchukua mzigo, na mimi ndiye ninayepima. Angeweza kupiga simu tukampelekea kwa bodaboda. Hakupiga. Alikuja mwenyewe, akasimama upande wa pili wa meza, akawa anaitazama mikono yangu badala ya kutazama futi. Miaka miwili ya kupimiana namna hiyo, mpaka akaniingiza katika kundi lake la wapanda milima, watu kumi na wawili, tunaotoka Jumapili moja moja kwenda vilima vya karibu na kurudi kabla ya magharibi. Kwamba ananipenda alishaniambia, tena mara nyingi, na jina langu analiita polepole. Kwamba atanioa hajawahi kutamka.

Safari hii ilikuwa nyingine. Mlima Elgon, kupitia Budadiri, tunaondoka Ijumaa mchana na kurudi Jumapili usiku, tukilala kwenye mahema. Na kazi yote ya kupanga, nani aliibeba? Mimi. Mmoja hali maharage. Mwingine anataka kubeba spika ya muziki mlimani. Wawili waligombana hawataki hema moja, nikawatenganisha, kesho yake wakapatana wakataka niwarudishe. Nilipanga chakula, nikapanga gari, nikajipangia kulala na Vera, msichana wa Kikenya anayeuza katika duka la dawa. Nilimaliza yote hayo nikiwa sijapata ruhusa ya nyumbani, na hilo nilikuwa naliahirisha wiki nzima.

Hatimaye nilimwambia Baba. Hakugomba. Alisema tu kwamba mwenye safari aje aseme naye. Nami nikampigia Masinde, nikamwambia maneno haya haya: Baba anataka uje nyumbani mseme. Kosa la kwanza ni langu, nakubali, ningeeleza zaidi.

Maana kwa kina Masinde, kama alivyokuja kunieleza baadaye, kijana haendi peke yake kuomba kitu katika nyumba ya watu. Anatafuta mtu mzima amsemee. Basi akamwomba mwenye nyumba aliyopanga, Mzee Tarcisio, mwalimu mkuu mstaafu. Naye Tarcisio, akijua anakwenda kwa Waislamu, akaona adabu ni kuvaa kanzu, na juu ya kanzu akatia koti. Wakapitia duka moja la njiani wakanunua kilo nne za sukari. Na Masinde akaandika mambo yote ya safari vizuri, akayatia katika bahasha nyeupe.

Sasa wewe unaishi Kampala. Mzee wa kanzu na koti, siku ya Jumatano, sukari mkononi, nyuma yake kijana aliyenyolewa ameshika bahasha. Hata mtoto mchanga anajua wamefuata nini.

Nilikuwa bado dukani. Nilipoingia kwa mlango wa jikoni, Shangazi alinishika mkono, macho yanamtiririka, akaniuliza kwa nini nimemficha jambo kubwa namna hii. Akaninong'oneza kwamba sebuleni wamekuja watu wa posa. Nikachungulia pembeni ya pazia. Nikamwona Masinde amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono juu ya magoti, amevaa shati jeupe ambalo sikujua analo. Jamani, moyo wangu. Nilifikiri, kumbe ndiyo sababu alikuwa hasemi. Kumbe alitaka kulifanya kwa heshima, aanzie kwa Baba. Nilimpenda pale nyuma ya pazia kuliko nilivyompenda miaka yote miwili.

Baba alishaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaiweka kando ya sinia. Kwetu barua ya posa haifunguliwi mbele ya walioileta. Wageni wanakirimiwa, wanaulizwa habari zao, wanaondoka, ndipo jamaa wanakaa wakaisoma.

Tarcisio alisema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Mzee, sisi tumekuja na heshima mingi. Kijana yetu iko na ombi juu ya binti yenu. Yote iko ndani ya barua."

Baba akauliza kwao kijana ni wapi, wazazi wake wazima, kazi yake ipi. Kisha akauliza dini. Tarcisio akakiri kwamba kijana ni Mkristo, ila hanywi, na jambo hilo limeshafikiriwa: binti hatakosa nafasi ya kuswali, wala hatalishwa chochote cha haramu. Niliona kidevu cha Baba kikilainika. Akauliza kama watamtunza.

"Tutatunza kabisa, mzee. Na kama amechoka, mizigo yake tunabeba sisi."

Baba alipenda jibu lile. Aliomba radhi, akainuka, akaja ukumbini, akanikuta nimesimama nanukia udi kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Unamjua huyu kijana?"

"Namjua, Baba."

"Unamtaka?"

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Kwetu msichana akinyamaza amejibu. Baba akaniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakulifanya tangu siku tuliyomzika Mama.

"Mambo ya dini yatataka mazungumzo marefu, na mtu haingii dini kwa sababu ya msichana," alisema. "Lakini amekuja kwa mlango wa mbele. Mimi sina neno."

Akarudi sebuleni. Shangazi akakimbilia chumbani na simu yake, na kabla chai haijamiminwa, jamaa wa Bwaise walikuwa na habari na jamaa wa Lubaga wanauliza rangi ya sare.

Nikarudi penye pazia. Baba akawashukuru wageni kwa kuja, akasema barua wataisoma wakubwa wa nyumba, na jibu litatoka baada ya siku saba.

Masinde akashtuka. "Siku saba, mzee? Sisi tunaondoka keshokutwa."

"Mnaondoka na nani?"

"Na Ruqayya."

Baba akaichukua ile bahasha, akaifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea wanafunzi wake.

"Soksi za sufu, jozi tatu. Tochi na betri za akiba. Koti la mvua. Kila mtu aje na kijiko chake."

Akavua miwani. "Kijana. Hukuja kuposa?"

Naye Masinde, mtu niliyempimia turubai miaka miwili, mtu anayeniandikia kila asubuhi kabla hajapiga mswaki, alisimama wima akasema, "Hapana, mzee. Sikuja kwa hayo. Hata kidogo."

Ile hapana ningeisamehe. Mtu akiulizwa ghafla anasema lolote. Lakini hata kidogo? Nani alimwomba aongeze hata kidogo?

Baba hakuwafukuza. Aliwaambia wamalize chai. Akasema kwa upole kwamba kijana kama angekuwa mposaji, asingempa binti alale naye mlimani kabla ya nikaha, na kwa kuwa si mposaji, sababu ya kumpa haioni kabisa. Tarcisio alikuwa anajifuta jasho kwa pindo la kanzu. Masinde alikuwa analitazama pazia, na nadhani aliiona miguu yangu, kwa sababu uso wake ulibadilika. Niliondoka pale nikajifungia chooni, maana ndiko pekee kwenye komeo.

Ningesema balaa liliishia hapo, lakini Shangazi alishapiga zile simu, ikabidi apige nyingine za kukanusha. Moja ikamfikia mama yake Maftah, wa Lubaga. Maftah ni mtu wa maana, ana duka la vyombo, ana tabia nzuri, na mama yake amekuwa akinizungukazunguka mwaka mzima bila kusema wazi. Mama huyo aliposikia nimeposwa alinyamaza, kwa sababu haifai kuposa juu ya posa ya mwenzio. Aliposikia haikuwa posa, hakungoja mtu mwingine atangulie. Alhamisi asubuhi alimpigia Baba: wanaomba kuja Jumamosi baada ya adhuhuri, na wametaja wanakuja kwa nini.

Baba aliniita dukani. Alisema hanilazimishi, lakini wale ni watu wazima na wanataka neno, kwa hiyo nimpe jibu jioni hiyo baada ya magharibi. Na wewe unajua, ukishakubali wageni wa namna hiyo waje, nusu ya jibu umeshaitoa.

Nikapanda bodaboda mpaka Bwaise.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na maji yalikuwa bado yamesimama uani. Masinde alikuwa ndani ya karakana, mahema sita yamekunjwa ukutani, anashona mkanda wa la saba. Aliponiona alisimama, akaanza kuomba radhi kabla sijavua viatu vyenye tope. Aliomba radhi kwa sukari, kwa bahasha, kwa kanzu ya Tarcisio. Aliomba radhi kwa kila kitu isipokuwa kile kilichonileta.

"Kwa nini ulisema hata kidogo?"

Akakaa. Akaitazama sindano yake. "Ruqa, nilishtuka."

"Mtu akishtuka anasema hapana. Wewe uliongeza."

"Ningesema nini? Niangalie. Fundi wa mahema, chumba kimoja, Mkenya, Mkristo. Ningemjibu mzee ndiyo nimekuja kuposa, halafu anifukuze, ningekuja tena dukani kwa uso gani? Nisingekuona tena."

"Kwa hiyo unachokilinda ni Jumatatu. Unipimishe turubai, uniangalie mikono, uende zako."

"Ndicho nilicho nacho," alisema. "Si kikubwa, lakini ndicho nilicho nacho. Baba yako asingekubali hata siku moja."

Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba sitamwambia. Nilitaka nimwadhibu tu, nirudi zangu. Lakini alivyosema vile, kwa uhakika, kana kwamba ameshamuuliza Baba akajibiwa, nilikivunja kiapo.

"Alikuwa amekubali."

Masinde akaiweka sindano chini.

"Alikuja ukumbini akaniuliza kama nakutaka," nikamwambia. "Nikanyamaza, na kwetu kunyamaza ni kusema ndiyo. Akaniwekea mkono kichwani, akasema hana neno. Alitoka hapo akaja kukaa mbele yako, na wewe ukamwambia hata kidogo."

Aliinuka, akakaa tena, safari hii juu ya hema lililokunjwa. Alifunika uso kwa mikono yake ile yenye makovu ya sindano, nami nilitamani niende nimfunue, Mungu ananiona. Nilitamani mpaka vidole viliuma. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Basi twende," alisema. "Sasa hivi. Nitamwangukia mzee miguuni."

Hapo nikaingiwa na tumaini. Kisha nikamweleza habari ya Maftah, na Jumamosi, na jibu ninalodaiwa jioni. Nilimweleza ili aone haraka iliyopo. Badala yake nilimwona akianza kuhesabu siku. Simu yake ikalia, ni kundi, mtu anauliza kama gari litapitia Wandegeya au la. Akaisoma. Akaiweka chini. Akaichukua tena.

"Nipe mpaka Jumatatu," akasema. "Niwapeleke hawa, nirudi. Niwaite wazee wangu kutoka Bungoma, tuje kwa heshima. Jambo kama hili si la kukurupuka na tope miguuni."

"Vera awaongoze."

"Vera hajui njia. Wakikutana na ukungu huko juu watapotea. Watu kumi, Ruqa, nimewaahidi."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonichosha. Kila alilokuwa akiniambia Masinde siku zote lilikuwa la kweli na la busara, na mimi nilikuwa nazeeka nikilikubali. Hali ya hewa haijakaa sawa. Biashara haijasimama. Tusubiri Ramadhani ipite. Sasa ni ukungu.

"Sikukukataza kwenda mlimani," nikamwambia. "Nenda, wapeleke wenzako, warudishe salama. Nataka neno moja tu kutoka kwako, halihitaji gari wala wazee. Leo baada ya magharibi Baba ataniuliza. Nimwambie nini kuhusu wewe?"

"Mwambie nitakuja Jumatatu."

"Kufanya nini?"

Alinitazama. Ni macho yale yale, yaliyonifanya nikosee vipimo mara ngapi sijui. Nilimwona akilitafuta lile neno, nikaliona limefika midomoni kabisa, nami nikawa namsaidia kwa roho, nasema moyoni, liseme, liseme tu, hapa tupo wawili, hakuna pazia wala mzee. Angelisema ningemngoja Jumatatu ngapi sijui, na Maftah angepewa salamu zake nzuri akae kwao.

"Kuzungumza," akasema Masinde.

Nikavaa viatu vyangu. Aliniita mara mbili, polepole, kama anavyoniita. Sikugeuka, kwa sababu nilijijua. Nilitembea kwa miguu kutoka Bwaise mpaka Wandegeya na tope langu, bodaboda wananiita nnyabo, yaani bibi kwa Kiganda, nnyabo twende, nami siwajibu. Nililia mpaka karibu na kituo cha polisi cha mtaani kwetu, kisha nikaacha, kwa sababu huko wananijua.

Magharibi Baba aliswali, akakunja mkeka, akabaki amekaa pale pale. Shangazi alikuwa jikoni anakaanga samaki na kusikiliza. Nikakaa mbele ya Baba.

"Umeonana naye," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimeonana naye."

"Anasemaje?"

"Anasema atakuja Jumatatu, kuzungumza."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Alionekana kasikitika, na nikajua kwamba na yeye alikuwa amempenda, kwa ile robo saa. "Na wewe bado unamtaka."

"Namtaka, Baba."

"Kwa hiyo niwaambie kina Maftah wasije?"

"Waambie waje."

"Hiyo ni hasira inajibu, au ni wewe?"

"Sijui, Baba. Pengine ni hasira. Lakini Maftah anataka kunioa, na amelisema. Nimechoka kumsemea mtu mwingine."

Hakubishana nami. Alichukua simu yake, akatafuta namba kwa shida bila miwani, akapiga mbele yangu. Nilimsikia akisalimia, akiuliza afya za nyumbani, kisha akisema Jumamosi baada ya adhuhuri, inshallah, karibuni sana. Alipokata, Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniuliza taratibu siku hiyo nitavaa nini. Nikamwambia achague yeye.